Kamera Mbili kwa Kicheko Kimoja

Mutomo,
9 Novemba 2024

Mpendwa Baba Mwau,

Pokea salamu zetu kabla hazijapoa. Sisi hapa Mutomo ni wazima. Mvua ilinyesha mara mbili ikatutoroka, lakini ndengu zimechipua na zina matumaini kuliko mimi. Yule mbuzi mweusi amezaa mapacha. Cherehani yangu haipumziki, kwa sababu kwaya ya akina mama imeamua kubadilisha sare kabla ya Krismasi, na kila mmoja ameniletea vipimo vya mwaka juzi akiapa kwamba hajanenepa.

Nyanya yako anakusalimu. Anauliza mume wake ataonekana lini, na kama umeoa mwingine huko Tawa basi aambiwe kwa heshima. Hiyo ndiyo taabu ya kupewa jina la babu yako: mimi inanibidi nikuite Baba, naye anakudai matunzo.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kununua kamera. Usicheke. Nadifa, jirani yangu wa duka la simu hapa sokoni, ameletewa kamera mbili na kaka yake Nuradin kutoka Nairobi. Moja ni kubwa, lenzi yake unaizungusha inatoka. Ya pili ni nyembamba kama kipande cha sabuni kilichobaki mwisho wa mwezi. Nadifa amesema atanishikia moja hadi nipate jibu lako, kwa kuwa wewe ndiye mpiga picha wa ukoo.

Ni hivi. Mama anasumbuliwa na meno ya mbele, yale manne aliyochongwa ncha akiwa msichana. Mawili yanacheza. Daktari wa meno amesema yote manne yatang'olewa presha yake ikishuka, labda mwezi wa pili au wa tatu. Na unajua anavyocheka: mkono unafika mdomoni kabla ya kicheko. Ulipokuwa mdogo ulifikiri hivyo ndivyo watu wote hucheka, ukawa unaziba mdomo na wewe. Meno yale yalikuwa urembo wa siku zao, kisha wakaja watu wakasema ni ushenzi, na Mama akaanza kuyaficha, tangu mimi sijazaliwa. Nimeishi naye maisha yangu yote na sina hata picha moja ya kicheko chake. Tuna ile ya kitambulisho tu, ambayo anafanana na mtu aliyeshukiwa kuiba ng'ombe.

Nataka picha moja ya Mama akicheka kwa meno yake mwenyewe, kabla hayajaondoka. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Usiniambie nitumie simu. Yangu ilidondoka kisimani, na tangu hapo kila mtu ninayempiga picha anaonekana kama amesimama kwenye mvua. Na usinipigie kuhusu jambo hili. Simu ikilia hapa, Mama huidaka, huiweka spika na kuanza mahojiano. Andika, utume na basi la vifurushi, nami nitakutumia picha ndani ya bahasha.

Ni mimi shangazi yako,
Kasiva


Tawa,
21 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenikuta mzima, mwenye kazi na mwenye njaa. Nyumbani wote wazima. Baba anasema mguu umepona, ila bado anautumia kukataa kulima. Maembe yameanza kuiva, na gunia ulilolipokea pamoja na barua hii ni lenu. Mwambie nyanya, Susu wangu, kwamba mume wake yuko kazini na hajaoa mtu.

Kuhusu kamera, chukua kubwa, na usifikirie mara mbili. Yangu ni ya aina hiyo hiyo, ile ya kuanzia, wanayoiita mirrorless kwa sababu haina kile kioo cha ndani kilichokuwa kwenye kamera za zamani. Ndiyo maana ni nyepesi kidogo. Ndani yake kuna sensa, ile sahani inayopokea mwanga, na yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya hiyo sabuni yako. Mvua ikinyesha ukitoa nje karai na kikombe, unajua ni kipi kitakinga maji mengi. Mwanga nao ni hivyo hivyo, na jikoni kwa Susu mwanga ni wa kuombwa.

Tena ina tundu la kuchungulia, kwa hiyo jua la Mutomo halitakuzuia kuona unachopiga. Inatafuta jicho la mtu yenyewe na kulishika hata akigeuza kichwa. Ukibonyeza, inapiga papo hapo. Lenzi nayo unaweza kuibadilisha siku ukipata nyingine.

Ile ndogo ni ya kupeleka matembezi. Betri yake itazimika kabla ya mahubiri kwisha. Jikoni itakupa picha zilizovurugika kama uji, na ukiwasha flashi, Susu ataruka hadi darini.

Hata Nthenya anasema hivyo. Nthenya ni msichana anayenisaidia kushika bodi nyeupe ya kurudisha mwanga tukiwa kwenye harusi. Ana mkono usiotetemeka.

Wako mtiifu,
Mwau


Mutomo,
15 Desemba 2024

Mpendwa Baba,

Asante kwa maembe. Tumekula, tumegawia kanisa, na bado mbuzi wamepata maganda. Mama yuko sawa ila usiku jino linamkumbusha kwamba liko. Presha bado iko juu. Ndengu zinatoa maua. Sare za kwaya zimekwisha, na nilitumia vipimo nilivyokisia mwenyewe bila kumwambia mtu. Hakuna hata moja iliyobana.

Nilinunua ile ndogo.

Tulia kwanza, nikueleze. Nilipoiinua ile kubwa dukani kwa Nadifa, wateja wawili walinyoosha kola. Nadifa mwenyewe, ambaye hucheka tangu anapofungua duka, alifunga mdomo akaweka shungi vizuri. Nikasema, hii ni Mheshimiwa, ikiingia mahali watu wanasimama. Nitampataje Mama akicheka mbele ya Mheshimiwa? Hii yangu, ambayo naiita Kipande, inakaa kwenye mfuko wa aproni pamoja na chaki na utepe wa kupimia. Nikiitoa, Mama hudhani natafuta pini.

Nimekutumia picha sita. Zitazame kwa huruma. Ya kwanza ni mkono wa Mama. Ya pili ni mkono wa Mama kwa karibu. Hiyo nyeusi si usiku, ni Mama akipika isyo, mahindi na maharagwe, tena mchana. Hiyo nyeupe yote ni siku niliyosahau kuzima flashi, Mama akauliza, "Kwani radi imeingia na mlango umefungwa?" Ya tano ni kwaya, na hiyo najivunia, sema usiseme. Ya sita ndiyo ilinitoa machozi ya hasira. Alikuwa uani akichambua kunde, Nadifa akasema jambo kuhusu mume wake, na Mama akacheka kwa kichwa nyuma, jua lote usoni, mkono haujafika. Nikabonyeza. Kipande kikafikiri kwanza. Kilipomaliza kufikiri, mkono ulikuwa umefika.

Sikuuliza lolote kuhusu huyo msichana wa mkono usiotetemeka. Naona tu kwamba umeandika habari zake nyingi kuliko za mama yako.

Krismasi tunakungoja.

Kasiva


Tawa,
8 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Heri ya mwaka mpya. Najua mliningoja. Kulikuwa na harusi mbili Kalamba, halafu mvua, halafu pikipiki ya jirani ikaharibika, na kabla sijageuka Krismasi ikawa imekwisha. Mama amenigombeza kwa niaba yako, kwa hiyo usirudie. Nyumbani tumevuna mahindi mabichi na Baba amekula mengi kuliko aliyopanda.

Picha nimezipokea. Ya kwaya ni nzuri, nimesema. Mwanga wa mlangoni ulikusaidia. Sikiliza sasa: usibonyeze kwa mara moja. Bonyeza nusu, ushikilie, Kipande kimalize kufikiri mapema, kisha akicheka umalizie. Flashi izime kabisa. Na jikoni muombe akae karibu na mlango, wewe usimame upande wa giza.

Lakini ile ya sita imeninyima raha. Nimeitazama mara nyingi. Unaona kabisa macho yanacheka, na chini ya macho kuna vidole. Nikasema hapana, hatuwezi kupitwa tena kwa sababu ya kamera inayofikiri.

Kwa hiyo tubadilishane. Januari hakuna anayeoa, kila mtu anawaza karo. Nimekutumia Mheshimiwa wangu ndani ya kikapu, amefungwa kwa taulo mbili. Nthenya ndiye aliyefunga, maana nilikuwa nimemfunga kama kuku wa kuuzwa. Kamba uivae shingoni. Nirudishie Kipande na basi hilo hilo, nikitumie kwa kazi ndogo ndogo na nikuonyeshe kwamba ni kamera ya matembezi.

Salamu kwa mke wangu mzee.

Mwau


Mutomo,
2 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Tumevuna ndengu, na mgongo wangu unalijua hilo. Mama ni mzima, presha imeshuka kidogo, hamu ya chakula iko lakini anatafuna upande mmoja kama mbuzi mzee. Hayo ni maneno yake, si yangu.

Mheshimiwa alifika salama na akapokewa kwa heshima. Nilipomvaa shingoni kwenda kanisani, mzee wa kanisa alinipisha kiti cha mbele. Baada ya ibada watu walipanga foleni bila kuitwa. Akina mama walirudi nyumbani kubadilisha viatu. Tangu siku hiyo naitwa "Mama Studio" na nguo za watu zimelala mezani hazijashonwa.

Nimekubali uliyosema kuhusu mwanga. Tazama picha ya jikoni niliyoweka juu. Nilipiga saa ya chai, bila flashi, na yote yanaonekana: masufuria, moshi, moto ukimulika shavu lake. Sijawahi kuona uso wa Mama hivyo. Nilikaa nayo mkononi hadi sindano ikaniambia nirudi kazini. Lakini mdomo umefungwa, Baba. Umefungwa kama mlango wa benki Jumapili. Kila nikiinua Mheshimiwa anasema, "Ngoja kwanza," anaenda kuvaa nguo ya Pasaka, anaketi, anaweka mikono magotini, anasema, "Haya, piga." Nina picha nyingi safi kabisa za mshukiwa wa wizi wa ng'ombe.

Nikajaribu kujificha nyuma ya ghala. Hapo nikagundua Mheshimiwa haoni mbali. Kipande kidogo vile huvuta mtu aliye langoni hadi ukaona vifungo vya shati, lakini hiyo lenzi ya Mheshimiwa ilinionyesha Mama mdogo kama punje. Kumbe ukubwa si kila kitu.

Jambo moja dogo. Vumbi la huku unalijua. Niliona lenzi imechafuka, nikaizungusha ikatoka, nikaipangusa kwa leso safi, na ndani kwenye kile kikaratasi kinachong'aa nako nikapangusa vizuri, maana mimi si mtu wa kufanya kazi nusu. Tangu hapo kila picha ina kidoa cheusi pembeni. Mama ameota baka jipya shavuni, na mbuzi naye analo. Ni ugonjwa gani huo?

Kasiva


Tawa,
13 Februari 2025

Shangazi,

Wote wazima, wanakusalimu. Umeipangusa sensa kwa LESO?

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta kiti. Nthenya alicheka hadi akatoka nje. Shangazi, hicho kikaratasi kinachong'aa ndicho sensa yenyewe, karai la mwanga nililokueleza. Hakiguswi na mtu, hata mimi mwenyewe nakiogopa. Unapulizia hewa kwa kibofu maalumu cha mpira, basi. Kosa ni langu nusu, sikukuonya kwa sababu sikufikiri kuna binadamu atakayefanya hivyo. Nirudishie Mheshimiwa haraka, na njiani usimfungulie mtu yeyote, hata askofu.

Sasa nami nifute maneno yangu. Jumamosi iliyopita tulialikwa Kalamba, nilialikwa, kwenye ntheo ya binti mmoja, siku ya kupeleka mbuzi wa posa. Nilikuwa na Kipande tu. Hakuna aliyejua mimi ni mpiga picha. Sikutengewa kile kiti cha pembeni ambapo wapiga picha husahaulika hadi nyama iishe. Niliketi na wageni, nikala cha wageni, nikaulizwa mimi ni wa nani. Walipowafunika wasichana kwa leso ili bwana harusi amtafute wake, akamshika shangazi wa bibi harusi na kuapa kuwa ndiye! Watu walianguka. Kipande kilikuwa kiganjani, nimekibonyeza nusu tangu mwanzo kama nilivyokufundisha, na nimepata kila kitu: bwana harusi amekodoa macho, shangazi anapiga makofi, mzee mmoja ameshika mbavu. Nimekuwekea mbili. Kweli zina chenga chenga kwenye kivuli, na ukizikuza sana zinaharibika. Lakini tangu nianze kazi hii sijapata watu waliosahau kwamba niko.

Kwa hiyo sijui tena. Mheshimiwa anaona jikoni lakini Susu anamwona. Kipande hakionekani lakini nacho hakioni jikoni. Tungekuwa na kamera moja yenye tabia ya zote mbili tungemaliza kazi asubuhi moja.

Mwau


Mutomo,
4 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Hatujambo, na nina habari, kwa hiyo mambo ya ng'ombe na mvua jaza mwenyewe.

Kwanza nakuuliza kama mtu mzima: hiyo ntheo ulialikwa au mlialikwa? Na "binti mmoja" huyo ni jirani wa nani? Sitarudia kuuliza.

Pili, presha ya Mama imeshuka na daktari ametupa tarehe: baada ya wiki tatu meno yanang'olewa. Nilikuwa pale. Daktari, kijana mpole, akamweleza kwamba fundi wa meno huko Kitui mjini atamtengenezea mengine ya kuvaa. Akamwita nyanya kwa Kikuyu, akasema kwa furaha, "Cucu, utapata meno mazuri, straight, yamenyooka kama ya wasichana wa siku hizi."

Mama akamtazama. "Hayo ni ya nani?"

"Ni yako, Susu," kijana akajirekebisha kwa Kikamba.

"Yangu iko na ncha. Nataka ile yangu. Hiyo ingine mpelekee mwenyewe."

Daktari akanigeukia. Mimi nikatazama ukuta. Kwa miaka yote hii niliamini Mama anayaonea aibu meno yake, Baba. Nilimwonea huruma kwa jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Tukiwa nje nikamuuliza, kwani anayaficha kwa nini? Akasema, "Niliambiwa nifiche, nikazoea. Lakini sijasema nataka ya mtu mwingine."

Daktari amepiga simu kwa fundi. Fundi anasema anaweza kuchonga yafanane, lakini anataka picha safi za mdomo: mbele, kulia, kushoto, karibu kabisa, kila ncha ionekane. Tumehangaika miezi minne kumwibia mtu kicheko, na sasa yeye mwenyewe anauliza kamera iko wapi!

Njoo na Mheshimiwa aliyeoga, na Kipande changu. Njoo wewe mwenyewe.

Kasiva


Tawa,
10 Machi 2025

Shangazi mpendwa,

Nimesoma maneno ya Susu kwa sauti hapa nyumbani. Baba alitoka nje akaenda kulima. Kulima, Shangazi.

Jumamosi ya tarehe 22, ya mwisho kabla ya siku ya daktari, nina harusi niliyokwisha kukubali, nitapiga kwa kamera ya mwenzangu. Lakini hata ningekuwa huru nisingefaa. Mbele yangu Susu huweka uso wa mke mbele ya mume. Anaketi sawa, anapanga leso. Kwa hiyo siku hiyo namtuma Nthenya na kamera zote mbili. Kamera hizi anazijua kama mimi, na Mheshimiwa amesafishwa, vidoa vimekwisha. Bodi ya mwanga pia anayo.

Tafadhali msimhoji. Yeye ni msaidizi tu.

Mwau


Mutomo,
23 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Tunamshukuru Mungu, wote wazima, na nyumba bado ina kelele kwa sababu ya mambo ya jana.

Msaidizi wako alifika asubuhi, amefunga kitambaa kichwani, ana vumbi hadi kwenye kope, akamsalimu Mama kwa kuinama kabla ya kuombwa maji. Mama alimzunguka tu kwa macho.

Nthenya akafanya kazi kama fundi. Akiwa na Mheshimiwa shingoni, alimketisha Mama mlangoni. Akasema mdomo una kivuli, bodi inahitajika, na mimi nilikuwa tayari na Kipande upande wa pili, kwa sababu kinasogea karibu kuliko Mheshimiwa anavyoweza, na kila ncha ya jino kinaiona. Basi hakukuwa na mtu wa kushika bodi. Akampa Mama mwenyewe, aishike kwa mikono miwili chini ya kidevu, kama sinia.

Mama akafungua mdomo kama kwa daktari. Mbele, kulia, kushoto. Zile za fundi wa meno tukazipata, safi, nimekwisha kuzituma. Lakini hicho si kicheko, Baba, ni mdomo uliofunguliwa, na moyoni nilijiambia basi, tumepata meno, turidhike.

Ndipo Mama, bodi mkononi, akauliza, "Na wewe ni nani wa Mwau?"

Nthenya jicho liko kwenye tundu la kamera. Akasema kwa adabu, "Mimi ni msaidizi wake, Susu."

"Msaidizi," Mama akasema polepole. "Hata mimi nilianza hivyo tu. Nikamsaidia, nikamsaidia, nikazaa watoto saba."

Yule msichana alijikunja. Mimi nikapiga yowe. Na Mama, kwa utani wake mwenyewe, akacheka. Mkono wa kulia ukaanza kupanda na bodi ikapanda nao, akaona anaangusha kitu cha watu, akaishusha tena akaishika kwa mikono yote miwili, na kicheko kikatoka chote, kwa sauti ambayo hata Nadifa aliisikia dukani. Nthenya alikuwa anacheka na machozi lakini kidole hakikuacha kazi. Ulisema ukweli kuhusu huo mkono. Mimi nilibonyeza Kipande bila hata kutazama.

Picha nimezisafisha na nimekuwekea zote mbili. Ya Mheshimiwa ni Mama peke yake, nyuma yake pamefifia, na unaweza kuhesabu kope. Meno yote manne yako pale, na ncha zake, yanang'aa. Ya Kipande imepinda, ina chenga, kidole changu kimo, lakini inaonyesha alichokuwa anakitazama: yule msichana wako amejikunja kwa kicheko, na Mama anamtazama kama aliyepata kitu chake. Sasa usiniulize ni ipi bora. Nimezitazama tangu jana na kila nikishika moja naitaka nyingine.

Ujumbe wako ni huu: Mama anasema mke mwenza amekubaliwa, na meno mapya yakifika anataka kuyajaribia kwenye nyama ya ntheo. Sitaongeza neno.

Lakini kuna jambo ambalo sijakuandikia tangu Novemba. Nilikwambia nataka picha kabla ya meno kung'olewa. Huo ulikuwa ukweli nusu. Mama ni mzee. Kila nikihudhuria mazishi nikapewa ile programu yenye picha mbele, naona ya kitambulisho, naona yule mwizi wa ng'ombe, na naogopa. Sikuweza kuliandika wala kulisema mbele yake.

Jana jioni niliweka zile picha mezani. Mama akavaa miwani, akachukua ya Mheshimiwa, akaishika mbali, kisha karibu. Hakuziba mdomo. Akaniambia, "Hii ndiyo mtaweka kwa programu yangu. Ile ya kitambulisho mchome."

Nikasema, "Mama, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Watu wakuje kula wali wangu wanikute nimekasirika? Wanikute nawacheka."

Nililia, Baba, sifichi. Yeye akaendelea kujitazama, akanionyesha jino la pili kutoka kushoto na kuniambia jina la mama aliyemchonga, na kwamba siku ile hakulia hata kidogo.

Shangazi yako akupendaye,
Kasiva